Msimfanye Mgeni Nyumbani Mwake

Mwezi huu twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotupata sisi wenyewe nyumbani kwetu hapa Soweto, Mbeya. Pengine limo nyumbani kwako pia, wala hujalitambua kuwa ni kosa, kwani huingia nyumbani kwa jina la huruma, na huruma hakuna aifukuzaye mlangoni.

Mwaka 2017 dada yetu mkubwa, aliyekuwa akikaa Iringa, alipatwa na kiharusi. Asiyeyajua maradhi haya na afahamu ya kuwa damu hukosa kufika sehemu ya ubongo, ama kwa mshipa kuziba ama kwa kupasuka. Na kwa kuwa upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza upande wa kulia wa mwili, yeye aliyedhurika kushoto alipooza kulia, mkono wa kuume na mguu wa kuume. Alilazwa hospitali, akapata nafuu kwa kadiri alivyojaaliwa, kisha akaruhusiwa. Tuliambiwa habari ya vidonge vya shinikizo la damu na siku ya kurudi kupimwa. Habari ya namna atakavyoishi ndani ya nyumba hatukuambiwa, wala sisi hatukuuliza. Kwa kuwa ni mjane na wanawe wako mbali, tukamchukua, akafika kwetu Novemba, mvua zikiwa ndiyo kwanza zinaanza.

Dada huyu ndiye aliyetulea baada ya mama yetu kufariki. Nyumbani kwake Iringa alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri, na funguo za stoo zilikuwa zimefungwa pembeni mwa kanga yake, hazitoki humo ila wakati wa kulala. Basi alipofika tuliwaita watu wote wa nyumba tukawausia kuwa Dada asiguse kitu. Aogeshwe, alishwe, apelekwe chooni, afuliwe nguo. Mke wetu aliitikia, mkwe wetu aliitikia, na watoto waliitikia. Tukajiona tumetimiza haki ya udugu, tukaenda zetu chuoni kusomesha.

Ikapita miezi. Dada akawa hatoki chumbani. Wakati wa kula ukifika husema ameshiba, au hungoja mpaka watu watawanyike ndipo apokee sahani yake peke yake. Tulidhani ni unyonge wa maradhi. Hata ikaingia Ramadhani ya mwaka 2018, na baridi ya Mbeya inayojulikana ikaanza, usiku mmoja baada ya tarawehe tukaingia kumjulia hali. Akatutazama kitambo, akasema: "Mdogo wangu, si watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Mimi huu mwezi wa saba. Mbona hata kisu cha kumenyea kitunguu hamjanipa?"

Hatukuwa na la kujibu. Tulimwuliza na habari ya chakula, kwa nini hali pamoja nasi. Akasema anaona haya kula kwa mkono wa kushoto mbele ya watoto ambao sisi wenyewe twawafundisha kula kwa mkono wa kulia.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, kwani jambo hili limewanyima wengi raha ya sinia moja na jamaa zao. Imam Nawawi, alipoifafanua hadithi ya kula kwa mkono wa kulia katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amebainisha kuwa mwenye udhuru, kama vile maradhi au jeraha, hana lawama akitumia wa kushoto. Na Sura An-Nur, aya ya 61, yaondoa lawama kwa kipofu na kiwete na mgonjwa, kisha yaendelea moja kwa moja kutaja kula katika nyumba za jamaa. Wapo wafasiri walioeleza kuwa zamani watu waliona uzito kula pamoja na hao, au wao wenyewe walijitenga, ikashuka aya kuuondoa uzito huo. Sisi tumeisomesha aya hiyo mara nyingi, na dada yetu alikuwa chumbani akila peke yake. Kesho yake tuliwaeleza watoto, na jioni akafuturu nasi.

Lakini kula pamoja ni jambo moja, na kuwa mtu wa nyumba ni jambo la pili. Kwa hili la pili tulisaidiwa na mtaalamu mmoja wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa akija kumtazama mtoto wa jirani. Tulitaraji atamnyoosha mkono na mguu. Yeye aliomba daftari na kalamu, akakaa chini, akamwuliza Dada (wala si sisi) maswali yapata matatu. Ulikuwa ukifanya nini tangu kuamka hata kulala? Katika hayo, lipi unalitaka lirudi kwanza? Na katika hilo, ni mahali gani hasa panapokushinda?

Mwenye haraka ataona hayo ni maswali mepesi. Kumbe ndiyo msingi wa kile ambacho siku hizi huitwa utengamao, maana yake kumrejesha mtu katika maisha yake kwa mpango. Sisi, kama tungeulizwa, tungalisema Dada anataka kupika. Yeye alisema anataka kwenda chooni bila ya kumwita mtoto. La pili, kushika udhu mwenyewe. La tatu ndilo mchuzi wa jioni. La nne alilisema kwa sauti ndogo: kushika hesabu ya sokoni, yaani kutoa fedha ya matumizi na kupokea chenji, kama alivyozoea.

Tazameni tofauti hiyo. Sisi wanaume huwa twaihesabu nyumba kwa chakula kilichofika mezani. Mwenye nyumba huihesabu kwa heshima yake, na choo ndicho kilichokuwa kikimvunjia heshima kila siku, mara tano au sita.

Basi kazi ikaanza na choo. Choo chetu ni cha shimo, cha kuchuchumaa, na mguu uliopooza hauchuchumai. Seremala alikata kiti cha mbao imara, akatoboa katikati ya bao la kukalia, akakiweka juu ya tundu, kikawa chaondoleka wengine wakitaka kutumia choo. Fundi akasimika nguzo mbili ukutani za kushikia, moja ya kukalia na moja ya kuinukia, zote upande wa kushoto, kwani upande mzima ndio wa kushikia. (Mara ya kwanza moja aliiweka kulia, ikawa pambo tu.) Kutoka mlango wa uani hadi chooni palikuwa na udongo mwekundu, ambao mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Tukatandaza changarawe na kuweka matofali mapana, na kamba ngumu kiunoni mwa mtu kutoka nguzo hata nguzo. Siku aliyokwenda na kurudi peke yake, watoto walipiga vigelegele, akawakemea kuwa choo si arusi.

Kisha jikoni. Jiko la mkaa kwetu hukaa chini, na mpishi huinama au hukaa juu ya kigoda. Aliyepooza upande mmoja akiinama juu ya moto yu hatarini kuanguka. Fundi alijenga jukwaa la matofali na udongo, akalipiga lipu, jiko likawa juu yake. Kimo chake tulikosea, tulipima kwa mke wetu aliyesimama, ilhali mpishi atakuwa ameketi kitini. Ikabidi kupunguza tabaka mbili. Wanaotaka kufanya hivyo na wapime kwa mwenye kutumia, ameketi juu ya kiti chake kile kile, kiwiko kikiwa huru na sufuria ikiwa chini kidogo ya kiwiko.

Mpishi mwenye mkono mmoja hushindwa zaidi na kushikilia kuliko kukata. Kiazi hukimbia, bakuli huzunguka, sufuria hufuata mwiko. Dawa yake ni kutafuta kitu kitakachoshika badala ya mkono ule mwingine. Twaa kibao cha kukatia, pigilia misumari miwili mipya, safi, kutoka chini ili ncha zitokeze juu, na kiazi mviringo au kitunguu kikichomekwa hapo hakiendi popote. Humenywa na kukatwa kwa mkono mmoja. Kibao kikiisha kutumika kifunikwe, watoto wasijichome. Pembeni mwa kibao hicho pigilia vijiti viwili vinavyokutana kama pembe ya chumba, mkate au ndizi isukumwe humo. Chini ya bakuli weka kitambaa kilicholowa maji, halitelezi. Kuzunguka jiko, katika lipu ile ile ikiwa mbichi, fundi aliacha vizuizi vitatu vinavyobana sufuria. Ndoo ya lita 20 ikawekwa kando, maji yakatiwa katika madumu madogo ya lita 3, mengi, ambayo mkono mmoja huyaweza.

Udhu aliupata kwa dumu lenye bomba dogo lililowekwa juu ya kibaraza, hulifungua na kulifunga kwa mkono mmoja. Kuvaa nako kuna njia yake, ambayo hatukuijua: mkono uliopooza hutangulia kuingia katika nguo, na wakati wa kuvua hutoka wa mwisho.

Na hapa twataka kuonya, kwa kuwa sisi tulijifunza kwa maumivu ya mwingine. Mkono uliopooza mara nyingi haupati habari ya moto. Siku moja Dada aliuegesha mkono wake wa kuume karibu na jiko, asihisi kitu, na aliyetambua alikuwa mjukuu kwa harufu ya kanga iliyoungua. Alipata malengelenge yaliyochukua wiki nyingi kupona. Tangu hapo mkono ule hufungwa kwa kitambaa mapajani wakati wa kupika, na maji ya moto hupimwa kwa mkono mzima. Onyo hili lawahusu pia waliopata ukoma, ambao vidole vyao vimepoteza hisia: sufuria zao ziwe na vishikio vya mti, na mikono ikaguliwe kila jioni.

Mtu atasema gharama ni nyingi. Matofali, mbao, misumari na ujira wa fundi vilitugharimu, lakini si zaidi ya tulivyotumia Idi ile kwa nguo. Kilicho ghali ni subira. Dada alipoanza, kumenya viazi vya watu wanane kulimchukua muda wa kutoka alasiri hadi karibu na magharibi. Mke wetu, ambaye ni mwema, alikuwa akisimama mlangoni na kusema moyoni, angaliniachia ningalikwisha zamani. Mara mbili alimpokonya kisu kwa upole. Na twajua kuwa jiko moja lenye wanawake wawili ni shauri zito hata wote wawili wakiwa wazima. Tuliketi tukapanga: maharage, mchuzi na hesabu ya sokoni ni vya Dada, na hapana atakayeingilia ila akiitwa; ugali, ambao wataka mikono miwili na nguvu, na wali wa watu wengi, ni vya mke wetu na mkwe wetu. Nasi tukajitwalia kuchota maji na kuwasha mkaa. Vijana watakaocheka na wakumbuke hadithi ya Bibi Aisha, aliyoipokea Bukhari, ya kuwa Mtume (s.a.w.) nyumbani alikuwa katika kuwatumikia watu wake.

Mambo haya hayakuanzia Soweto. Huko Marekani palikuwa na mama mhandisi, Lillian Gilbreth, aliyebaki mjane mwaka 1924 na kundi kubwa la watoto. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wakichunguza kazi za viwandani, wakiikata kila kazi vipande vidogo na kuondoa mwendo usio na faida. Kisha alikuja kuona kuwa jiko nalo ni mahali pa kazi, na kwamba hatua ambayo mtu mzima huipoteza bila kujali, kwa mwenye moyo mgonjwa au mguu mmoja ndiyo inayomshinda siku nzima. Mwaka 1944, pamoja na Edna Yost, alitoa kitabu juu ya maisha ya kawaida kwa wenye ulemavu, na baada ya Vita Kuu ya Pili alisaidia kupanga majiko ya mfano kwa kina mama wenye ulemavu.

Na kwa nchi kama zetu, ambako mtaalamu yuko mbali, Shirika la Afya Duniani baada ya mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 lilishika shauri la utengamao katika jamii, yaani jamaa na majirani wafundishwe wao wenyewe. Mwaka 1989 likatoa kitabu cha kuwafundishia. Zanzibar, Umoja wa Watu Wenye Ulemavu ulioundwa mwaka 1985 uliichukua njia hiyo. Iringa, ndugu zetu Wakristo wa Kianglikana walianzisha mwaka 2003 karakana ya Neema Crafts kwa vijana watatu viziwi, ikakua mpaka ikawa na mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi, na mgeni huagiza chai kwa ishara au kwa kuandika. Twasema bila ya wivu, lakini si bila ya haya: sisi Waislamu wa Nyanda za Juu Kusini tumejenga misikiti mizuri, na katika mingi ya hiyo mwenye kiti cha magurudumu haingii ila kwa kubebwa.

Wala tusidhani hawa ni wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa katika Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi, asilimia 11.2 wana ulemavu wa namna fulani. Serikali yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki zao mwaka 2009, na Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, ambayo imeweka kamati hata ngazi ya mtaa na kijiji. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa wako ukamwulize kamati iko wapi na ilikutana lini. Swali hilo peke yake lina faida.

Kila ulemavu una mpango wake. Asiyeona hana haja ya jukwaa la jiko, ana haja ya vitu kukaa mahali pamoja siku zote. Aliyeisogeza chupa ya mafuta amemwibia macho. Kopo la chumvi na la sukari yawe ya umbo mbalimbali, au moja lifungwe uzi. Kiziwi hana ila haja ya watu wa nyumba kujifunza kuzungumza naye uso kwa uso na kwa ishara, kwani nyumba nyingi humpa kazi zote na kumnyima habari zote. Mwenye kiti cha magurudumu ahitaji mlango usiopungua sentimeta 80, na mahali pa kugeukia pa mita moja na nusu.

Bali linalotuumiza zaidi ni habari ya watoto. Msichana aliyezaliwa na mguu mfupi hufichwa kazi tangu utotoni, hapewi ufagio wala mwiko, mama akisema mwanangu atachoka. Akifika miaka ishirini, posa ikija, jamaa wa mume huuliza: huyu ataiweza nyumba? Na jibu la kweli ni kuwa hakufundishwa. Ulemavu hausemi lolote hapo. Ni malezi yetu. Abdullah bin Ummi Maktum alikuwa haoni, na Mtume (s.a.w.) alimpa kuadhini na kumwachia Madina aiangalie yeye alipotoka safari. Sisi twaona tabu kumwachia binti yetu sufuria ya maharage.

Dada yetu bado yuko nasi. Mkono wake wa kuume haukurudi, na mguu huuburura. Hutupa fedha ya matumizi asubuhi kwa hesabu, na jioni akitaka chenji yake tukiwa hatunayo, hatusalimiki. Viazi vyake sasa humaliza kabla ya alasiri.

Limebaki deni letu la chuoni. Katika madrasa yetu yumo mwanafunzi mmoja anayetembelea magongo, na mlango wetu una ngazi tatu, kila moja sentimeta 15. Kwa muda mrefu wenzake humbeba, naye hugeuza uso. Mafundi husema kila sentimeta 1 ya kupanda hutaka sentimeta 12 za mteremko, basi kwa sentimeta 45 zatakiwa mita 5 na sentimeta 40, na uwanja wetu wa mbele ni mita 4 tu. Fundi amesema njia itapinda kwenye kona ya kisima, na hapo kwenye kona paachwe sakafu sawa ya kupumzikia. Matofali 200 yamekwisha fika. Saruji tumeahidiwa na mzazi mmoja, nasi twataka tumalize kabla ya mvua za Novemba.